Mhamaji Katika Macho ya Mkaazi: Taswira ya Mfugaji wa Jangwani Katika Fasihi, Ikitazamwa Kutoka Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Msafiri atokaye Nyeri kwenda kaskazini hupita Naro Moru na Nanyuki, kisha barabara huzunguka mlima na kuteremka hadi Isiolo, ambako mashamba hukoma na nyika huanza. Akielekea magharibi, atafika Nyahururu na uwanda wa Laikipia. Miji hii leo ni ya wakulima, wafanyabiashara, walimu na askari. Hata hivyo, majina yake hayakutungwa na wakulima. Nanyuki ni jina linalotokana na neno la Kimaasai lenye maana ya wekundu. Nyahururu linatokana na neno la Kimaasai linalohusu ngurumo ya maporomoko ya maji. Laikipia ni jina la Wailaikipiak, tawi la Wamaasai lililovunjwa nguvu katika vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe katika karne ya kumi na tisa. Wafugaji walipita hapa, wakazitaja rangi za maji na sauti za mito, wakaenda zao au wakaondolewa. Majina yakabaki.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi mfugaji wa kuhamahama anavyotazamwa katika fasihi. Hoja inayotetewa ni kwamba fasihi iliyotungwa mjini au shambani humwona mhamaji kama mtu aliyepungukiwa na kitu, hasa makao. Kwa hiyo kuhama katika fasihi hiyo huwa ni adhabu, ilhali katika fasihi itokayo jangwani kwenyewe adhabu ni kukaa. Ili kuipima hoja hii, matini kutoka pwani ya Waswahili na Mlima Kenya yatalinganishwa na riwaya ya Ibrahim al-Koni, mwandishi wa kabila la Watuareg wa Sahara. Watuareg wamechaguliwa kwa sababu mbili: wao ni miongoni mwa wahamaji wanaojulikana sana duniani, na wamepata mwandishi aliyewaandika kutoka ndani.

Ushahidi wa maneno

Kabla ya kuzihakiki kazi za sanaa, inafaa lugha yenyewe ihojiwe. Neno la Kiswahili la kutaja maisha yaliyoendelea ni ustaarabu, yaani hali ya kufanana na Waarabu. Lakini Waarabu wanaokusudiwa katika neno hili ni wale wa mjini, wenye nyumba za mawe, misikiti na vitabu. Mwarabu wa jangwani alipewa jina jingine, bedui, na katika matumizi ya Kiswahili neno hilo limebeba pia maana ya mtu mkali asiye na adabu. Hivyo watu wa kabila moja wamegawanywa na msamiati wetu katika makundi mawili: mmoja akawa kipimo cha utu, na mwingine akawa kinyume chake. Tofauti iliyopo kati yao ni nyumba.

Neno shifta nalo lina historia kama hiyo. Lilitoka Ethiopia, likiwa na maana ya mhalifu wa porini. Katika vita vilivyopiganwa kaskazini mwa Kenya kati ya 1963 na 1967, lilitumiwa kuwaita wale waliodai kujitenga na kujiunga na Somalia. Mara jina lilipokwisha kutolewa, dai la kisiasa lilikuwa limegeuzwa kuwa wizi, na mfugaji yeyote aliyeonekana na ngamia mahali asipotarajiwa aliweza kutiliwa shaka. Watuareg vilevile wanajulikana ulimwenguni kwa jina walilopewa na wengine, ilhali wao hujiita Kel Tamasheq, yaani watu wa lugha ya Tamasheq. Anayehama huwa na bahati mbaya hii: jina lake huandikwa na yule aliyekaa.

Hata hivyo, hazina ya lugha haina sauti moja. Methali husema kwamba mtembezi hula miguu yake, na papo hapo nyingine husema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Ya kwanza inamwona atembeaye kuwa anajimaliza mwenyewe. Ya pili inatambua kuwa mwendo, hata usio na shabaha, una tija kuliko kukaa. Mhakiki anayedai kuwa Kiswahili kinamdharau mhamaji moja kwa moja atakuwa ameisoma methali moja na kuiacha ya pili. Mgongano huu ndio unaopaswa kufuatwa katika kazi zenyewe.

Mkoba wa Liyongo

Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, una tukio ambalo wahakiki wengi hulipitia haraka kwa kuwa wanakimbilia kifo cha shujaa. Wafugaji wa bara, ambao utendi unawaita Wagala, wanafika Pate kununua chakula. Jina hilo Waoromo wenyewe hawalipendi. Wanasikia sifa za Liyongo, wanataka kumwona, naye anaitwa. Anapofika anautua mkoba wake na kuanza kutoa vilivyomo: kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu, hata mafiga. Wageni wanashangaa mno, na wanaomba shujaa huyo aoe kwao ili wapate mbegu yake.

Kwa kawaida tukio hili husomwa kama chuku ya kuonyesha nguvu. Usomaji huo si makosa, lakini hautoshi. Yafaa kuuliza ni kitu gani hasa kilichotolewa mkobani. Mkoba haukujaa silaha wala dhahabu. Umejaa jiko zima. Liyongo amebeba nyumba yake begani. Nani angeweza kuielewa ishara hiyo vizuri kuliko watu ambao wake zao huibomoa nyumba, huipakia juu ya mnyama, na kuisimamisha tena mahali penye malisho? Miongoni mwa Wagabra na Warendile wa kaskazini mwa Kenya, nyumba ni mali ya mwanamke na husafiri juu ya ngamia. Wafugaji waliofika Pate hawakustaajabia jambo geni. Walistaajabia jambo lao wenyewe likitendwa na mtu mmoja, tena mtu wa mji, bila ngamia.

Kwa mtazamo huu, ombi la mbegu linapata maana mpya. Wahamaji wamemtambua mwenzao. Si ajabu basi kwamba mtawala wa Pate anamwogopa na kumwandama Liyongo, naye akaishia msituni. Shujaa mkuu wa fasihi ya Waswahili ni mtu ambaye mji haukuweza kumweka. Utendi unausifu ungwana, lakini mtu unayempenda ni yule aliyeutoka mji akiwa na mafiga yake mkobani.

Ubeti na hema

Kuna ushahidi mwingine uliojificha katika istilahi za ushairi. Neno ubeti linatokana na neno la Kiarabu bayt, ambalo maana yake ni nyumba, na kwa watu wa jangwani nyumba ni hema. Wanazuoni wa arudhi waliviita baadhi ya vipande vya mizani kwa majina ya kamba na kigingi. Mshairi wa Lamu au Mombasa aliyepanga vina vyake kwa uangalifu alikuwa, bila kujua, akisimamisha hema.

Uhusiano huu hauishii katika istilahi. Kasida ya kale ya Kiarabu ilikuwa na desturi ya kuanza kwa mshairi kusimama penye mabaki ya kambi iliyohamwa, akaangalia majivu na alama za mahema, akamlilia mpenzi aliyeondoka na watu wake. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, nao unamsimamisha msomaji mbele ya majumba ya Pate yaliyoachwa, yakiwa makao ya ndege na wadudu. Pengine mtunzi hakuwa na kasida hizo akilini. Hata hivyo mkao ni ule ule: mtu mmoja hai anasimama mahali palipohamwa na kuhojiana na nafsi yake.

Tofauti iliyopo ndiyo yenye mafunzo. Mshairi wa jangwani analia, kisha anampanda ngamia wake na kwenda, kwa sababu kambi iliyohamwa ni jambo la kila msimu. Mshairi wa Pate hana ngamia. Kwake kuondoka kwa watu ni mwisho wa dunia, na faraja iliyobaki ni ya akhera tu. Nyumba ya mawe iliahidi kudumu na ikavunja ahadi. Hema halikuahidi kitu. Hapa mkaazi anaonekana kuwa maskini kuliko mhamaji, na utenzi wenyewe unajua hivyo, maana unauonya moyo usiishikilie dunia.

Mkataba kama matini

Inafaa kurudi mlimani. Matini iliyoathiri maisha ya wahamaji wa Laikipia kuliko utenzi wowote haikutungwa na mshairi. Ni mkataba wa 1904, ambao kwao Wamaasai walikubalishwa kuondoka katika Bonde la Ufa na kuingia katika hifadhi mbili, mojawapo ikiwa Laikipia. Mkataba huo uliahidi kwamba mpango utadumu muda wote Wamaasai watakapokuwapo duniani. Miaka 7 baadaye, mwaka 1911, mkataba wa pili uliwaondoa Laikipia na kuwapeleka kusini, na uhamisho huo uliendelea hadi 1913. Legalishu, mmoja wa viongozi wa Laikipia, aliupinga. Kesi iliyoamuliwa mahakamani mwaka 1913 ilishindwa: mahakama iliamua kwamba mikataba hiyo ni kama ya dola mbili na kwamba haikuwa na uwezo wa kuihukumu.

Mhakiki wa fasihi ana haki ya kuisoma matini hii kwa zana zake. Umilele ulioahidiwa ni lugha ya chuku, na chuku hiyo ilitumiwa na upande uliojiona kuwa wa kweli na wa kisheria. Kejeli kubwa zaidi ni ya kidhamira. Utawala ulidai kuwa wafugaji hawana makao kwa sababu wanahama, kisha ukawahamisha kwa nguvu mara mbili, na waliokuja kukaa katika mashamba makubwa ya Laikipia walikuwa ni watu waliosafiri kutoka ng'ambo ya bahari. Katika matini hii aliyesafiri mbali zaidi ndiye anayeitwa mkaazi. Basi ukaazi si hali ya kutotembea. Ni cheo kinachotolewa na karatasi.

Watu wa Nyeri wa zamani hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Miongoni mwa Wagikuyu palikuwa na njia mbili za kutahiriwa, moja ikiitwa ya Kigikuyu na nyingine ya Ukabi, yaani ya Kimaasai. Ndoa, biashara na hifadhi wakati wa njaa viliziunganisha jamii hizi mbili hata pale vijana wao walipokuwa wakinyang'anyana ng'ombe. Hivyo mhamaji hakuwa nje ya uzio wa mkulima. Alikuwa ndani ya ukoo wake. Mpaka mkali kati ya shamba na nyika ulichorwa baadaye, na sheria ya 1926 iliyoifunga kaskazini ya Kenya kwa wasio na kibali iliukaza mpaka huo. Isiolo, uliokuwa mlango wa kaskazini, ukawa mahali pa kuulizwa unakwenda wapi na kwa nini.

Waandishi wawili wa 1948

Meja Mwangi alizaliwa Nanyuki mwaka 1948. Ibrahim al-Koni alizaliwa katika jangwa la Libya mwaka huo huo. Mmoja ni mwana wa mlima, mwingine ni mwana wa Watuareg. Wote wawili waliandika kwa lugha zisizo za mama zao: Mwangi kwa Kiingereza, al-Koni kwa Kiarabu. Kuwalinganisha kunadhihirisha hoja ya makala haya kuliko njia nyingine yoyote.

Katika Carcase for Hounds, riwaya iliyotoka mwaka 1974, Mwangi anasimulia habari za wapiganaji wa Mau Mau msituni. Jenerali wao anaitwa Haraka. Jina hilo la Kiswahili ni jina la mwendo, na ndilo linalobeba riwaya. Kundi la Haraka linaishi kwa kusogea. Linajua vijia, mito na mahali pa kujificha, na Kapteni Kingsley analiandama bila kulipata. Mtu anayesoma kwa makini ataona kwamba watoto hawa wa wakulima wamelazimika kujifunza sanaa ya wahamaji: kuacha alama chache, kubeba kidogo, kutoamini mahali pamoja. Lakini riwaya haiionei fahari sanaa hiyo. Mvua, baridi na njaa zinawala. Jenerali anajeruhiwa, na yule ambaye jina lake ni mwendo analazwa pangoni asiweze kwenda. Mwendo katika riwaya hii ni adhabu ya mtu aliyenyang'anywa shamba. Lengo la vita ni kurudi na kukaa.

Katika Al-Tibr, riwaya iliyotoka mwaka 1990, al-Koni anasimulia habari za Ukhayyad, kijana wa Kituareg aliyepewa zawadi ya ngamia bora wa mbio. Ngamia anaugua upele, naye anamponya kwa dawa ya jangwani na kwa mateso yanayowafanya wawe kama ndugu. Kisha Ukhayyad anaoa, anaachana na watu wake, anakaa kwenye oasisi. Njaa inapokuja anamweka ngamia rehani. Ili kumkomboa anakubali kumtaliki mkewe, naye anapewa unga wa dhahabu, na watu wananena kwamba amemuuza mke na mtoto. Anamuua aliyempa dhahabu hiyo, warithi wanamwandama, na anapojificha wanamtesa ngamia mpaka yeye mwenyewe anajitoa auawe.

Msomaji wa mlimani ataona kwamba mambo yamegeuka. Ukhayyad hapotei kwa kuhama. Anapotea kwa kukaa. Oasisi, ambayo kwa mkulima ni peponi, ndiyo inayomfunga. Dhahabu, ambayo ni mali isiyopumua, inachukua nafasi ya ngamia, ambaye ni mali yenye roho na yenye kumjua mwenyewe. Haraka anakufa kwa kuwa hana pa kukaa, na Ukhayyad anakufa kwa kuwa alikaa. Riwaya zote mbili ni za kweli kwa watu wake, na hakuna mojawapo inayoweza kusomwa kwa kipimo cha nyingine.

Hata hivyo, sauti itokayo ndani nayo haina budi kuhakikiwa. Al-Koni anamchora mke kama kamba ya shingoni na anaipenda upweke wa mwanamume na mnyama wake. Maisha ya Watuareg hayakuwa hivyo. Kwao hema ni la mwanamke, mume huingia katika hema la mkewe, na wanawake ndio waliokuwa mara nyingi wakiwafundisha watoto hati yao ya Tifinagh. Bila mwanamke hapangekuwa na kambi ya kuhamishwa. Riwaya imelitetea jangwa dhidi ya mji, lakini imemtoa nje ya jangwa yule aliyelifanya likalike. Vivyo hivyo, mapenzi ya jangwa la kale yasimfiche msomaji historia ya karibuni: maasi ya Kaocen huko Agadez mwaka 1916 na 1917, ukame wa miaka ya sabini na themanini, maasi ya 1990, silaha zilizochomwa Timbuktu mwaka 1996 kama ishara ya amani, na vita vilivyorudi Mali mwaka 2012. Mtuareg wa leo mara nyingi ni mkimbizi, dereva au kibarua wa mji. Fasihi inayomwacha juu ya ngamia peke yake inamsimamisha mahali, na kumsimamisha mhamaji ni kumwongopea.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba taswira ya mhamaji kama mtu aliyepungukiwa haitokani na maisha yake. Inatokana na mahali anaposimama mtazamaji. Yameonyesha pia kwamba fasihi ya Kiswahili, ambayo hudhaniwa kuwa ni ya mji mtupu, ina mhamaji katika kiini chake: yumo katika mkoba wa Liyongo, katika neno ubeti, na katika kilio cha Al-Inkishafi. Msamiati wetu unamdharau, lakini sanaa yetu imejengwa kwa vifaa vyake.

Jambo hili lina uzito nje ya vyumba vya mihadhara. Katika shule za Nyeri na Nanyuki wamo wanafunzi waliotoka Isiolo, Samburu na Marsabit. Wanafunzwa Kiswahili kwa bidii kama wenzao. Lakini si rahisi kuwatajia riwaya ya Kiswahili ambayo mhusika wake mkuu ni mfugaji anayejieleza kwa nafsi yake, akahama bila kuwa ametoroka kitu na akarudi bila kuwa ameokolewa na mtu. Wanalolikuta ni neno kutangatanga, kana kwamba baba zao, wanaojua kila kisima na mvua ya kila mwezi, wanatembea bila kujua waendako. Wakati huo huo, nyumbani kwao zimo tungo za Kisomali na Kiborana, nyimbo za kunyweshea ngamia kisimani, na ushairi ambao haukungoja kitabu ili uwe ushairi.

Kwa hiyo yapasa mambo mawili yatendeke. Kwanza, wakusanyaji wa fasihi simulizi katika vyuo vya eneo la Mlima Kenya wavuke Isiolo, na wanapokusanya wasiitafsiri hema kuwa nyumba mbovu. Pili, ufundishaji wa tungo za kale uyaonyeshe mafiga yaliyo mkobani mwa Liyongo kabla ya kufika kwenye sindano iliyomuua. Mwanafunzi wa Isiolo akionyeshwa tukio hilo, atayatambua mafiga hayo mara moja. Mwalimu wake wa Nyeri, anayetamka neno Nanyuki kila siku bila kulifikiria, huenda naye akayatambua.